Nyumba Iliyochelewa Kupanda

Mwaka wangu wa kwanza Rodi Kopany niliizuia familia ya watu watano kupanda mahindi kwa wiki tatu nzima, na mvua inanyesha. Sikuwa na ugomvi nao. Nilikuwa mpangaji katika boma lao, nililipa kodi kwa wakati, sikufungua redio kwa sauti ya kukera, na sikujua kama kuna kitu chochote ninachokizuia. Kila siku ya kazi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Homa Bay, nikarudi jioni. Kati ya saa hizo, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, mke wa mwana mdogo wa mwenye nyumba alikuwa akitoka nje, akisimama kando ya shamba lake lililokwisha kulimwa, akitazama mlango wangu, kisha akirudi ndani. Shamba lile ndilo lililowalisha yeye, mumewe na watoto wao watatu mpaka msimu mwingine. Lisipopandwa mvua ikiwepo, hawakuwa na lingine.

Nilihamishiwa Homa Bay kutoka Voi, mimi karani wa masjala, kazi ambayo watu huiona ndogo mpaka siku faili lao lipotee. Nyumba za kupanga mjini nilizikuta za aina mbili. Kulikuwa na zenye maji, ambazo sikuziweza, na kulikuwa na zile ambazo wenyewe walisema maji yanakuja. Nilikaa miezi miwili katika hizi za pili. Ziwa zima nililiona kutoka dirishani, kubwa, halina mwisho, na bombani halikufika hata tone. Mwenzangu wa masjala, mama mmoja wa Ndhiwa aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile kile miaka kumi na tisa, akaniambia watu wenye akili wanaishi Rodi na kuja kazini asubuhi. Sikumuuliza wasio na akili wanaishi wapi, maana anwani yangu nilikuwa naijua.

Rodi ni soko lililokaa barabarani. Nilizunguka Jumapili mbili nikionyeshwa vyumba. Kimoja kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, na mwenyewe akanihakikishia kwamba baada ya mwezi sitaisikia. Kingine kilipakana na fundi wa kuchomelea vyuma upande mmoja na kanisa lenye vipaza sauti upande wa pili, na nilipouliza ni siku gani pana utulivu, mwenyewe alifikiri kwa uaminifu kabisa, akakosa jibu. Mwishowe mama aliyekuwa akiuza nyanya, ambaye sikumuuliza chochote zaidi ya bei, akaniambia kuna mjane mmoja nyuma ya soko ana nyumba nzuri ya mabati imekaa bure. "Lakini iko ndani ya boma," akasema.

Hiyo "lakini" nilipaswa kuiuliza. Sikuiuliza, nikaomba kuonyeshwa njia.

Boma lilizungushiwa ua wa minyaa na lilikuwa na nyumba tatu. Ukiingia langoni, ile ya mbali kabisa, inayotazamana nawe, ilikuwa ya mjane mwenyewe. Ukisimama mlangoni pake na kutazama langoni, mkono wa kulia palikuwa na nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji, baraza, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Mkono wa kushoto, chini kidogo, palikuwa na nyumba ya udongo ya mwanawe mdogo. Nilipendezwa na mpango ule. Mtu wa masjala hufurahi akiona kila kitu mahali pake. Haikunijia akilini kwamba mahali penyewe palikuwa na maana, na kwamba nilikuwa naingia ndani ya faili la mtu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mrefu, amepita sabini, Msabato wa tangu utoto. Alinikalisha kwenye kigoda akanihoji.

"Uko na bwana?"

"Sina, mama."

"Watoto?"

"Sina."

"Unapika?"

"Napika."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Unapikia nini?"

Nikamwambia gesi. Hakufurahi. Akasema ninunue na jiko la makaa, maana nyumba inataka moshi. Nilidhani ni habari ya mchwa. Kisha akanipa masharti: tangu jua kuzama Ijumaa mpaka kuzama Jumamosi hakuna kufua, hakuna kupasua kuni, na redio iimbe nyimbo za Mungu au inyamaze. Chumba kimoja kingebaki kimefungwa kwa sababu kilikuwa na kitanda na vitu vya mwenyewe. Nyumba, akasema, ni ya kijana wake mkubwa, ambaye yuko Mombasa.

"Atarudi lini?" nikauliza, maana mpangaji lazima aulize.

"Anakuja," akasema.

Alilisema neno hilo huku akitazama langoni, nami nikageuka kutazama, nikidhani mtu yuko njiani anaingia. Hapakuwa na mtu. Nilikuja kujua kwamba kijana huyo alikuwa anakuja kwa mwaka wa sita.

Nilihamia mwezi wa tisa. Maisha yalikuwa matulivu kiasi kwamba nilianza kulala vizuri na kunenepa. Mwenye nyumba aliniita "nyar Mombasa", binti wa Mombasa, ingawa mimi ni wa milima ya Taita na Mombasa nimekwenda kwa kuhesabu vidole. Nilimrekebisha mara mbili tatu, nikaacha. Mke wa mwana mdogo aliniita "madam", kama wanavyoitwa wanawake wote wa ofisini. Mumewe aliendesha bodaboda na alikuwa mtu wa maneno machache. Siku akisema sentensi mbili mfululizo, mkewe alimtazama kuona kama ana homa.

Mvua ilikuja mwezi wa tatu, ikaja kwa nguvu. Udongo wa kule ni mweusi, na ukilowa unaking'ang'ania kiatu kama unakidai. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba alitoka na jembe, akaomba kwa sauti, akapanda kipande chake kando ya nyumba. Majirani nao wakaanza. Kila boma nililolipita nikienda barabarani lilikuwa limeinama. La kwetu tu ndilo lililosimama. Ng'ombe wa kukodi walikuwa wamelima shamba la mwana mdogo tangu kabla ya mvua, limelainika, limeiva, na wiki ya kwanza ikapita bila mbegu. Ikaingia ya pili. Na aibu niliyo nayo naisema wazi: nilimwambia mwenzangu wa masjala kwamba majirani zangu ni watu wema sana ila hawana haraka na kazi.

Jumatatu moja jioni nilikuta jembe limeegemezwa mlangoni pangu. Nililichukua, nikavuka uwanja, nikamkabidhi mke wa mdogo. Nikamwambia wamelisahau.

"Asante, madam," akasema, akalipokea.

Jumanne nikalikuta tena pale pale. Nikamrudishia tena, na safari hii nikamshauri kwamba nje nje vile linaweza kuibwa. Akasema atachunga.

Jumapili yake mumewe alikuja na ng'ombe wawili akalima kipande cha ardhi mbele ya baraza langu, kisichozidi uwanja wa kuchezea watoto. Nilifurahi. Nilidhani anapunguza nyasi kwa ajili ya nyoka. Nikamletea maji ya kunywa na kumuuliza kama wana mpango wa kuweka maua.

"Itategemea," akasema, akaondoa ng'ombe wake.

Siku mbili baadaye nikakuta mlangoni mkebe uliojaa mahindi makavu. Yalikuwa mahindi ya kupendeza, meupe, makubwa, yote saizi moja, kila punje imechaguliwa. Niliguswa sana. Niliona ni zawadi ya jirani mwema, labda kwa sababu nilimrudishia jembe mara mbili. Kwetu mtu akikupa chakula kikavu, unampelekea sehemu kikiwa kimeiva, ndiyo adabu. Niliyaloweka, nikayachemsha na maharagwe mpaka yakalainika, nikakaanga na vitunguu, nikachukua bakuli kubwa nikampelekea, na mkebe wake nimeuosha.

Alifunua bakuli. Akatazama ndani.

"Umepika," akasema.

"Nimepika. Yameiva vizuri. Yalikuwa mahindi mazuri sana."

"Ndio," akasema. "Yalikuwa mazuri."

Akamwita mumewe. Naye akaja akatazama ndani ya bakuli, akamtazama mkewe, akaenda kukaa. Kisha wakaita watoto wakala, wote, kimya kimya, na mimi nimesimama mlangoni nimeridhika, nikiwaambia kuna mengine kwenye sufuria.

Kesho yake nilimsimulia mwenzangu wa masjala. Nilimsimulia kama habari njema. Alianza kucheka kwenye jembe, akacheka zaidi kwenye maua, na nilipofika kwenye bakuli aliacha kucheka, akaweka kalamu chini.

"Hiyo nyumba yako iko upande gani?"

Nikamweleza.

"Wewe unakaa kwa simba ya mkubwa," akasema. Simba kwao si mnyama tu, ni nyumba ambayo kijana wa kiume anajenga ndani ya boma la baba yake. Akanifafanulia polepole, kama anavyowaelezea wageni walioleta fomu isiyofaa. Mbegu katika boma hutoka kwa zamu. Mama hutangulia. Baada yake ni nyumba ya mwana wa kwanza. Baada yake ni anayemfuata. Mdogo akipanda kabla ya nyumba ya mkubwa amemruka kaka yake, na anayemruka kaka yake anajitafutia chira, ugonjwa usio na jina hospitalini, unaokondesha mtu au watoto wake mpaka hakuna kilichobaki.

"Lakini mimi si mwana mkubwa," nikasema. "Mimi ni mpangaji. Nina risiti."

"Nyumba ikifungwa, mama anaweza kurusha mbegu mbili tatu hapo mlangoni, aseme ni ya kijana yake, maneno yaishe. Sasa iko na mtu. Iko na moto. Nyumba iko na moto hakuna mtu anaipandia. Inapanda yenyewe."

"Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Watakwambia aje? Hao ni Wasabato. Kanisani walisema hayo mambo waliacha. Mtu akikuja kwako akwambie, madam, panda ndio na mimi nipande, si amekubali bado anaamini?"

"Na wewe unaamini?"

"Mimi ni Mkatoliki."

"Kwa hiyo huamini."

"Siamini," akasema, akachukua kalamu yake. "Lakini sijawahi kupanda kabla ya mama mkwe, na sina mpango wa kujaribu."

Siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilikuwa nikiona bakuli. Nilikuwa nimewapikia watu mbegu zao, nikawaletea, nikasimama kuwatazama wakizila. Mahindi yaliyopandwa wakati wake kule huwa yanafika magotini mwezi wa nne. Yaliyochelewa hukutwa na jua la mwezi wa sita yakiwa bado machanga, yakakauka yamesimama. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda. Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimewaita wavivu.

Mimi nikiwa na jambo huanzia kwa mkubwa wa ofisi. Jioni ile nilikwenda kwa mwenye nyumba. Alikuwa barazani akichambua omena, dagaa wa ziwani, anatoa mawe na majani.

"Mama," nikasema, "nimesikia kwamba nyumba yangu ndiyo inayongojewa ipande."

"Umesikia wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini mnaongea mambo ya mahindi?"

Akaendelea kuchambua. "Sisi ni Wasabato, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake, kama alivyofanya akitaka mazungumzo yaishe. "Hayo mambo ya wazee tuliacha kitambo."

"Basi mke wa mdogo anaweza kupanda kesho."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mvua bado iko," akasema. "Kijana anakuja."

"Kijana yupi, mama?"

"Mwenye nyumba. Nimemwambia mvua imefika. Amesema anakuja wikendi."

"Wikendi hii?"

"Alisema ile ya kwanza. Halafu kazi ikambana. Akasema ingine." Akachukua omena mmoja, akamgeuza, akamrudisha. "Hii ataweza. Kupanda si kitu ya kutuma mtu."

Niliondoka pale nimeelewa jambo ambalo mwenzangu wa masjala hakulijua. Mwenye nyumba hakuwa ananingojea mimi hata kidogo. Alikuwa na sababu moja tu duniani ya kumwita mwanawe nyumbani, sababu ambayo hata mtu wa Mombasa hawezi kuikataa kwa urahisi, nayo hudumu muda wa mvua tu. Alikuwa anaitumia yote.

Mke wa mdogo nilimkuta kwenye tangi langu anateka maji. Nilimwomba msamaha wa mahindi. Akasema si kitu. Nikamwambia sasa najua. Akaweka ndoo chini, na maneno ambayo alikuwa ameyabana wiki tatu yakatoka bila haraka yoyote.

"Mama anangoja yeye. Mimi nangoja wewe. Mwaka jana nyumba ilikuwa na kufuli, akamngoja wiki mbili, halafu akarusha mbegu mlangoni akilia, na mimi nikapanda. Mwaka huu uko ndani, hawezi kurusha. Na anaona ni sawa kama hawezi, juu sasa lazima huyo akuje."

"Kwa hiyo ndiyo sababu alinipangisha?"

"Alitaka nyumba itoe moshi. Nyumba ya kijana haitoi moshi, watu wanauliza. Pia alifikiri akisikia kuna mtu kwa nyumba yake, atakasirika akuje."

"Alikasirika?"

"Alisema ni vizuri, kodi isaidie mama."

Akainua ndoo akaitia kichwani. Akasema wiki hiyo ameanza kununua mahindi sokoni kwa gorogoro, mkebe kwa mkebe, na kila akinunua, muuzaji anamuuliza kama shamba lao limeingiliwa na kitu. Akasema wiki moja zaidi ikipita hivi hatapanda mahindi tena, atapanda mtama kama utapatikana, na asipoupata atajua atakachofanya. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Nilikasirika usiku na mchana kwa siku nne. Nilimkasirikia mwenzangu wa masjala kwa kujua. Nilimkasirikia mwenye nyumba kwa kunifanya kufuli lenye miguu. Zaidi ya wote nilimkasirikia yule wa Mombasa, ambaye sikuwahi kumwona, na ambaye nilijua bila kuambiwa kwamba analala vizuri. Halafu nilikuwa na woga wangu mwenyewe, ambao nausema sasa kwa kuwa umepita. Mwanamke anayetoa mbegu katika nyumba ya mwana mkubwa huwa ni mke wa mwana mkubwa. Nilimuuliza mwenzangu wa masjala watu watasema nini nikipanda.

"Watasema umeolewa," akasema. "Lakini vizuri."

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na nilikuwa nimefanikiwa kuyakwepa mambo hayo kwa juhudi yangu mwenyewe. Sasa nilikuwa niolewe na mahindi.

Ijumaa jua likazama, Sabato ikaingia, Jumamosi jua likazama, ikatoka. Hakuna mtu aliyeingia langoni. Jumapili asubuhi na mapema nilivaa gauni la zamani na viatu vya mpira nikaenda kwa mwenye nyumba. Alikuwa ameshaamka, amekaa mlangoni, uso umeelekea langoni.

"Mama, naomba mbegu."

Hakunitazama. "Zako ulipika," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nilisimama. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi usiku ule, kuhusu watoto watatu na jua la mwezi wa sita, yote yakaniacha. Nilisema tu kwamba mvua itaisha. Akasema anajua mvua inaisha, ameziona nyingi. Baadaye akanyanyuka, kwa shida, maana goti lilikuwa linamsumbua, akaingia jikoni kwake. Pale juu ya mafiga watu huning'iniza mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Alirudi na manne, meusi kwa masizi, yamefungwa pamoja kwa maganda yake.

"Hizi nilimwekea," akasema.

Alikaa akayapukuchua mwenyewe mapajani, punje kwa punje, hindi moja baada ya jingine. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono. Alipomaliza akanimiminia kwenye kitambaa, akafumba macho, akaomba. Alimwomba Mungu abariki mbegu, abariki mvua, abariki mkono wa huyu mgeni. Akanyamaza kidogo kama mtu aliyefika mahali penye jina, akalipita, akasema amina.

Sikuwa nimeshika jembe kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilichimba shimo la kwanza mbele ya baraza langu, nikatia punje tatu, nikafukia kwa mguu. Nilikuwa bado nimeinama kwenye la pili niliposikia jembe upande wa pili wa uwanja, halafu jingine, halafu mengi. Mke wa mdogo, mumewe, watoto, na wanawake wawili wa jirani, wote walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye mistari, na sijui walipata wapi habari. Hakuna aliyenishangilia wala kunitazama. Waliinama tu, wakaenda kwa kasi ambayo sijaona watu wakipanda nayo kabla wala baada. Mahindi yale yaliota. Yalikuwa mafupi kuliko ya majirani na mengine hayakubeba kitu, lakini yaliyobeba yalitosha kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mke wa mdogo hakurudi sokoni kununua mapema kama alivyoogopa.

Nilipomaliza kipande changu, karibu saa nne, nilitazama kwa mwenye nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Hata wakati wa chakula cha mchana hakutoka.

Saa kumi hivi aliniita nikanywe chai. Tulikaa barazani, mikono yangu imetoka malengelenge, na wale wa upande wa pili bado wako mistarini. Simu yake ikalia. Yeye huiweka kwenye spika na kuishika mbele ya mdomo, kwa hiyo katika boma lile hapakuwa na siri ya simu. Alikuwa kijana wake. Kidholuo changu wakati ule kilikuwa cha salamu na sokoni, lakini waliyoyasema yalikuwa mepesi, niliyafuata yote.

Alisema, mama, wikendi hii imeshindikana, mambo ya kazini. Ijayo lazima.

"Usijisumbue," mama yake akasema. "Nyumba yako imepanda."

"Imepanda?"

"Leo asubuhi."

Nilimsikia akishusha pumzi. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyetua mzigo begani, na spika ile ikaitoa yote barazani. Akacheka kidogo. Akasema asante sana, mama, basi ni sawa, basi sasa hakuna haraka.

"Hakuna haraka," mama yake akasema.

Kijana akamuuliza goti linaendeleaje. Akamwambia linaendelea. Mtandao ukakatika, au akakata.

Mama aliitazama simu mpaka taa yake ikazimika, akaitia mfukoni. Nilitaka kumwambia pole, nikaona si mahali pangu, kisha nikaona ni mahali pangu, nikachelewa. Yeye ndiye aliyesema.

"Mama yako yuko?"

"Yuko. Kule Taita."

"Huko mvua imefika?"

"Imefika."

"Amepanda?"

"Amepanda, mama. Nilimpigia."

"Nani alimsaidia?"

Nikamwambia majirani.

Alitikisa kichwa polepole. Akachukua birika akanijazia kikombe tena, ingawa sikuwa nimeomba, akanitilia sukari kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikainywa yote.